Tikiti ya Siku Nne

Kila asubuhi Jeruto alikamua ng'ombe wake wawili. Mmoja alikuwa mwekundu, na huyo alipenda kupiga teke. Wa pili alikuwa mweusi, jina lake Tuwi. Tuwi alikuwa mpole. Jeruto alizoea kuzungumza naye.

"Umeamkaje, Tuwi?" alimwuliza. "Mimi sijalala vizuri. Nilisikia mvua kwenye mabati, nikakosa mtu wa kumwambia kwamba mvua inanyesha."

Tuwi alitafuna majani yake. Hakujibu, lakini alisikiliza.

Msomaji, usimcheke Jeruto. Mtu akikaa miaka mitatu bila mwenzake, ataongea hata na ndoo.

Nyumba yake ilikuwa nje kidogo ya mji wa Eldoret, upande wa Langas. Mumewe, Kiprono, alifanya kazi bandarini, Mombasa. Alikuwa akipakua mizigo kutoka melini. Pesa alituma, hilo lazima tuseme. Lakini pesa haziketi na mtu kunywa chai.

Watoto wao walikuwa wawili. Jelagat alikuwa na miaka kumi, naye alikuwa shuleni. Mdogo wake, Kipyego, alikuwa na miaka minne. Baba yake alipoondoka, Kipyego alikuwa bado anatambaa. Sasa alimjua baba kwa picha tu. Picha hiyo ilining'inia ukutani karibu na dirisha.

Siku moja mgeni alimwuliza, "Baba yako yuko wapi?"

Kipyego alionyesha ukuta kwa kidole. "Yule pale. Anakaa kwa msumari."

Mgeni alicheka mpaka akashika mbavu. Jeruto alicheka pia, kwa adabu. Kisha aliingia jikoni akalia.

Barua za Kiprono zilikuja kwa sanduku la posta la Mzee Gathogo, mwenye duka. Jeruto hakusoma shule. Kwa hiyo Mzee Gathogo alimsomea. Alivaa miwani, akafungua bahasha kwa kisu cha mkate, akasoma kwa sauti ya mhubiri. Wateja wote waliacha kununua wakasikiliza.

Mwezi wa pili ilikuja barua moja.

"'Nawasalimu wote,'" Mzee Gathogo alisoma. "'Mimi ni mzima. Nimepata livu ya kazi, nitakuja mwezi wa tatu, wiki ya shoo ya kilimo. Wasalimu watoto. Kiprono.'"

"Haya! Mume anakuja!" alisema mama mmoja aliyeshika paketi ya majani ya chai.

"Mama Jelagat, utapika nini?" aliuliza mwingine, na duka zima likacheka.

Mzee Gathogo alitoa kalamu. "Tumjibu nini?"

Jeruto alitaka kumwuliza mumewe siku ya kufika. Alitaka kuuliza atakaa siku ngapi. Lakini angewezaje? Kwao, mwanamke hamwulizi mumewe mambo kama hayo kwa mdomo wa mtu mwingine. Kufikia jioni, Langas nzima ingesema kwamba Jeruto anahesabu siku kama msichana wa juzi.

"Mwambie sisi wazima," alisema.

Hivyo ndivyo alivyojibu kwa miaka mitatu. Sisi wazima. Na kumbe yeye hakuwa mzima. Alikuwa mpweke sana.

Wiki iliyofuata gari lenye kipaza sauti lilipita barabarani. "Njooni kwa shoo! Ng'ombe wa gredi, matrekta, ngoma, bembea za watoto! Tikiti ya siku nne kwa bei ya siku tatu! Ukikosa, shauri yako!"

Jeruto alisimama na ndoo mkononi. Siku nne! Aliziona siku hizo mbele ya macho yake. Siku ya kwanza Kipyego angemwogopa baba yake. Siku ya pili angemsogelea. Siku ya tatu angemshika mkono. Siku ya nne angemwita Baba. Na yeye mwenyewe angetembea kando ya mumewe siku nne nzima, bila jembe na bila ndoo.

Alikimbia dukani. Mzee Gathogo alikuwa na kitabu cha tikiti kwenye kaunta.

"Zinaisha, Mama Jelagat," alisema. "Leo asubuhi nimeuza tisa."

Jeruto alifungua leso yake. Pesa zilitosha tikiti moja tu.

"Nipe moja, Mzee. Ya Kipyego. Nyingine nitachukua tukilipwa maziwa."

"Umefanya vizuri. Siku nne kwa bei ya tatu, nani atakataa?"

Hapo nani wa kumlaumu? Kitu cha bei nafuu kina sauti tamu. Lakini wazee walisema, rahisi ghali.

Jumanne alasiri Jeruto alienda darasani. Ndiyo, alikuwa ameanza masomo ya watu wazima, yale ya ngumbaru, katika ukumbi wa kanisa. Huu ulikuwa mwezi wake wa saba darasani. Alijua herufi zote, na maneno mengi aliyaweza akisoma polepole. Hakumwambia mtu wa dukani. Hakumwambia hata Kiprono. Angemwambiaje, na barua inaandikwa na Mzee Gathogo?

Mwalimu wao aliitwa Adongo. Alikuwa mama mfupi, mwenye sauti kubwa na moyo mkubwa zaidi. Wiki ya shoo, kila mwaka, alipata kibarua cha kukata tikiti getini. Siku hiyo alibandika karatasi ya tangazo ubaoni.

"Leo hatusomi kitabu," alisema. "Tunasoma tangazo la shoo. Maandishi makubwa kila mtu ameyaona. Mimi nataka haya madogo ya chini. Mama Jelagat, simama."

Jeruto alisimama. Aliweka kidole kwenye herufi.

"'Ti-ki-ti ya siku nne. Juma-tano hadi Juma-mosi. Ni ya mtu m-moja. Pesa ha-zi-rudishwi.'"

"Maana yake?"

"Ukishanunua, umenunua. Ukikosa siku moja, hiyo imepotea."

"Sawa kabisa! Endelea."

"'Mtoto wa chini ya miaka mi-tano...'" Jeruto alirudisha kidole nyuma. Alisoma tena kimoyomoyo.

"Mtoto wa chini ya miaka mitano afanye nini?" aliuliza Mwalimu.

"'A-naingia bure,'" alisema Jeruto kwa sauti ndogo. Akaketi. "Mwalimu, nimemnunulia Kipyego tikiti ya siku nne. Na Kipyego ana miaka minne."

Darasa liliguna. Hakuna aliyecheka, kwa sababu wengine nao walikuwa na tikiti kama hizo mifukoni.

Masomo yalipokwisha, Mwalimu Adongo alimwita. Waliketi kwenye benchi la nyuma.

"Pole, dada. Hiyo moja imekwenda. Tuokoe zilizobaki. Nani wataenda kwa shoo?"

"Mimi, Baba Jelagat, na watoto wawili."

"Siku zote nne? Na ng'ombe watakamuliwa na nani? Maziwa yatapelekwa na nani?"

Jeruto alishika mdomo. Alikuwa amewasahau ng'ombe! Hata Tuwi!

"Na Jelagat atakosa shule siku tatu?" Mwalimu aliendelea. "Mimi nimekaa getini miaka mitano. Nakuambia ninachokiona. Watu hununua siku nne, wanakuja siku moja na nusu. Siku ya pili miguu inauma. Siku ya tatu pesa ya soda imeisha. Na tena, tikiti ya getini ni ya kuingia tu. Bembea ina tikiti yake. Watu wengi hawaulizi, halafu watoto wanalia mbele ya bembea."

"Sasa nifanye nini?"

"Kuna tikiti ya familia, ya siku moja. Baba, mama na watoto wao wa shule, karatasi moja. Haitangazwi sana. Lakini lazima ujue ni siku gani. Baba Jelagat anafika lini?"

Jeruto alitazama sakafu.

"Lini, dada?"

"Sijui. Sijamwuliza."

"Mume wako mwenyewe?"

Ndipo Jeruto akasema yote. Alieleza habari za miwani ya Mzee Gathogo, kisu cha mkate, na wateja wanaosikiliza. Alisema, "Mwalimu, miaka mitatu sijaongea na mume wangu. Nimeongea na duka." Na machozi yakamtoka.

Mwalimu Adongo hakusema pole. Alichana karatasi kutoka daftari lake, akaweka kalamu juu yake.

"Kuuliza si ujinga. Andika."

Jeruto aliandika kwa muda mrefu. Jasho lilimtoka kama mtu anayelima. Barua yenyewe ilikuwa hivi:

*Baba Jelagat. Utafika siku gani. Utaondoka siku gani. Nijibu mimi. Nasoma saa hii. Jeruto.*

"Isahihishe, Mwalimu."

"Sigusi hata nukta. Atakuelewa."

Siku kumi na mbili zilipita. Jeruto hakununua tikiti nyingine. Mzee Gathogo alimwonya mara mbili kwamba zinaisha. Jeruto alijibu, "Acha ziishe, Mzee." Lakini moyoni alikuwa na hofu. Je, mumewe akikasirika? Je, asipojibu?

Siku ya kumi na tatu barua ilifika. Mzee Gathogo alivaa miwani, akashika kisu. Wateja wakanyamaza.

"Nipe tu, Mzee," alisema Jeruto. "Leo nitajisomea."

Kisu kilibaki hewani. Mtu mmoja alikohoa. Mzee Gathogo alimpa ile bahasha polepole, akavua miwani yake.

Jeruto aliisoma barua nyuma ya zizi.

*Kwa Jeruto. Nimeshangaa. Livu yangu imekatwa kwa sababu meli ni nyingi. Nitafika Ijumaa mchana. Jumatatu asubuhi naondoka. Wasalimu watoto. Kiprono.*

Alisoma mara mbili ili ahakikishe. Ijumaa hadi Jumatatu tu! Tikiti za siku nne zingeanza kufa Jumatano, yeye hajafika. Alilia kwa uchungu wa siku zilizokatwa. Kisha alifuta uso. Jumamosi ilikuwepo. Hiyo hakuna aliyeikata.

Akanunua tikiti ya familia, ya Jumamosi. Akatenga pesa kidogo za bembea. Akamwomba Wangari, jirani yake, amkamulie jioni hiyo moja.

Ijumaa mchana Kiprono alifika. Alikuwa amekonda, na ndevu zake zilikuwa na mvi mbili tatu. Jeruto alimpa mursik, maziwa ya kibuyu aliyomwekea kwa wiki mbili. Kiprono alikunywa akiwa amefumba macho. Kipyego alimtazama yule mgeni, akaitazama picha, akaenda kujificha nyuma ya mlango. Hakutoka, akapata usingizi huko huko. Kiprono alimbeba akamlaza kitandani.

Jumamosi walifika getini mapema. Mwalimu Adongo alikata tikiti yao akakonyeza jicho. Ndani kulikuwa na watu kama siafu. Waliona fahali mkubwa kuliko jiko lao. Waliona trekta jipya, na Jelagat akapanda juu yake. Kipyego alishika sketi ya mama yake, upande wa mbali na baba.

Walipofika kwenye bembea kubwa ya kuzunguka, Kiprono alitaka kuingia moja kwa moja na watoto.

"Ngoja," alisema Jeruto. Alisoma kibao. "'Tikiti za bembea zinauzwa kibanda cha pili. Mtoto mdogo apande na mzazi.'"

Kiprono aligeuka akamtazama. Barua aliiona, ndiyo, lakini labda alidhani kuna mtu aliyemwandikia mkewe. Sasa alimwona kwa macho yake. Alimtazama kwa muda mrefu, kama mtu aliyerudi nyumbani akakuta dirisha mahali palipokuwa na ukuta.

"Kumbe ni kweli," alisema.

"Ni kweli," alisema Jeruto. "Panda na Kipyego."

Kipyego alipiga kelele, lakini bembea haingoji mtu. Ilianza kuzunguka. Mara ya kwanza alipita mbele ya mama yake analia, amejikunja mbali na baba. Mara ya pili alikuwa amemshika baba shati. Mara ya tatu alikuwa amemkumbatia shingoni kwa mikono miwili, na Jeruto akasikia sauti yake juu ya kelele zote.

"Baba! Baba! Usiniachilie!"

"Sikuachilii!" alijibu Kiprono, na alikuwa akilia waziwazi mbele ya watu.

Jumatatu asubuhi aliondoka. Kipyego alilia barabarani mpaka akakauka sauti. Huko nyuma hakuwahi kumlilia baba, kwa kuwa hakujua anachokipoteza. Jeruto alimbeba mgongoni kurudi nyumbani. Nyumba ilikuwa kimya. Vikombe vinne vilikuwa mezani. Alivitazama kwa muda mrefu kabla ya kuviosha.

Ile tikiti ya siku nne ya Kipyego aliichomeka nyuma ya picha ukutani, imkumbushe asome kwanza kabla ya kununua.

Baada ya wiki mbili barua ilifika. Mzee Gathogo alimkabidhi bila kugusa miwani. "Siku hizi duka langu halina habari," alilalamika.

Jeruto alikaa kwenye kigoda chake cha kukamulia, akafungua.

*Jeruto wangu. Nimefika salama. Miaka yote nilitaka kukuandikia kwamba nakukumbuka kila siku, na kwamba chakula cha huku hakipiti kooni nikikuwaza. Lakini niliogopa Mzee Gathogo angewasomea watu. Sasa nakuandikia wewe. Mwezi wa nane nitaomba livu nyingine. Niambie ni siku gani unanitaka. Wako, Kiprono.*

Alisoma mara ya kwanza kimya. Mara ya pili alisoma kwa kunong'ona. Mara ya tatu alisoma kwa sauti, neno kwa neno, kuanzia "Jeruto wangu" hadi "Wako". Hakuna aliyesikia ila Tuwi, na Tuwi alitafuna majani yake, wala hakumwambia mtu.