Umeniita Nani?

"Umeniita nani?"

Mikono ya Enos ilikuwa imesimama juu ya bega la Debora.

"Sijakuita mtu," Debora alijibu, uso umezama kwenye taulo iliyolowa machozi.

"Umesema Masatu."

Debora akakaa ghafla, akavuta khanga. Kweli alisema. Masatu, marehemu mumewe, aliyezikwa Kisorya, huu mwaka wa tatu. Na Enos, mchua misuli wa hapo Musoma mjini, ndiye mchumba wake. Ndoa ilibaki wiki chache tu.

"Deb, unanipenda mimi au unamtafuta yeye kwenye mikono yangu?"

"Sijui! Ulipobonyeza chini ya bega, machozi yalikuja yenyewe. Hata sikuwa nawaza kitu."

"Mimi nachuaga watu kila siku. Wanalia, sawa. Ila hao siwaoi."

Akanawa mikono, akatoka. Jioni ikaingia meseji: "Niache kwanza nifikirie. Usinipigie."

Debora alivurugwa. Asubuhi alikuwa na uhakika anampenda Enos. Jioni hakuwa na uhakika wa chochote. Kesho yake akapanda gari hadi Bunda kwa Matrida, mama wa makamo aliyemfundisha Enos kazi. Hakumweleza ugomvi, alisema bega limekaza.

Matrida akalipasha kwa kitambaa cha moto, akalikanda taratibu, kisha akazamisha kidole gumba palepale. Debora akaangua kilio.

"Ulikuwa unabeba nini upande huu?"

"Mume wangu, mama. Alipooza. Nilikuwaga namwinua kitandani, ananiegemea hapohapo. Miezi mingi."

"Basi ndiyo hivyo. Msuli uliokaza kwa mateso, siku ukiachia, mtu analia. Wengine wanacheka, wengine wanasinzia. Siyo lazima iwe mapenzi."

"Na kama ni mapenzi?"

Matrida akakunja kile kitambaa.

"Hapo, mwanangu, mikono yangu haifiki."

Debora akatoka mwili mwepesi, moyo mzito. Kituoni akampigia Enos.

"Nilikwambia usinipigie."

"Nisikilize halafu ukate. Masatu nilimpenda. Nikisema nimemsahau, nakudanganya. Na wewe nakupenda mpaka nachanganyikiwa. Wote mmo humu, sijui kuwatenganisha."

Debora akabana simu sikioni.

"Nikilia tena, nikamtaja tena, utafanyaje?"

Akamsikia akishusha pumzi.

"Itaniuma."

"Halafu?"

"Halafu nitaendelea kuchua. Rudi Musoma, Deb. Nyumbani Butiama wananiuliza rangi ya sare za harusi, nimeshindwa kuwajibu."

Debora akacheka huku analia, abiria wakamkodolea macho.

Ndoa ilifungwa Butiama, Jumamosi ileile iliyopangwa. Mama yake Masatu alikuja kutoka Kisorya. Alimkumbatia Enos, akakaa naye hivyo kitambo, mkono wake ukimpapasa mgongoni kama anambembeleza mtoto. Na Enos, na suti yake mpya, mbele ya wakwe na wageni wote, akajikuta analia, asijue kwa nini.