Kioo cha Saba cha Mzee Maige

Doa lenyewe lilikuwa dogo, halizidi punje ya choroko, jeupe, kwenye pembe ya chini ya picha. Teodora aliliona alipoinua karatasi kutoka kwenye beseni, akayalaumu maji.

"Maji ya kisima haya," alimwambia mumewe. "Yana magadi. Yanakula bluu."

Yeremia alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha uji. "Jana ulilaumu karatasi, Mama Sabina."

"Na karatasi nayo imo."

Waliishi Igoma, nyuma ya karakana za kuchomelea mageti, wawili tu, kwa sababu binti yao Sabina alikuwa shule ya bweni. Teodora alichapa picha kwa jua. Alipaka dawa kwenye karatasi nzito ndani ya chumba cha giza, akaikausha, akalaza juu yake kioo cha picha cha kamera za zamani, kisha akavipeleka uani jua likiwa kali. Baada ya robo saa aliosha karatasi kwa maji, na picha ikajitokeza yote kwa rangi ya bluu. Yeremia ndiye aliyezipitisha kwenye skana na kuwatumia wateja. Watu walileta picha za mababu, za harusi za kale, za makanisa yaliyokwisha bomolewa.

Vioo vya safari hii vililetwa na Mzee Maige wa Buzuruga. Vilikuwa saba, vimefungwa kwenye kitenge kilichochakaa, kazi ya marehemu baba yake aliyekuwa mpiga picha enzi za wakoloni. Mzee hakumkabidhi mtu. Aliliweka furushi chini, nje ya geti, akarudi nyuma hatua mbili.

"Shikamoo, mzee. Karibu ndani."

"Marahaba, mwanangu. Sikai. Chukua mwenyewe. Na zichapwe kwa jua, zote."

Vioo sita vilitoa picha safi. Kioo cha saba, chenye mawe ya ufukweni na maji matupu bila mtu hata mmoja, ndicho kilicholeta doa.

Teodora hakuwa mtu wa kushindwa na doa. Alibadilisha kitu kimoja kimoja, maana ukibadilisha viwili kwa pamoja hutamjua mkosaji. Alianza na maji. Alichota ya mvua kwenye tanki, akatia matone ya siki. Bluu ikakolea, na doa likawa kubwa kama ukucha wa dole gumba. Akahamia kwenye karatasi, kwani zipo zenye chokaa ndani inayopigana na dawa. Akachukua nyingine, ya pamba tupu. Mawingu yakatoka meupe kabisa, lakini doa likarefuka, likaota mabega. Brashi nayo ilikuwa na bati lililoshika kutu, akaitupa, akapaka kwa sifongo. Kila alichorekebisha kiliitengeneza picha, na kila picha ilipotengenea, doa nalo lilitengenea.

"Hilo ni vumbi la skana," Yeremia alisema walipolitazama kwenye kompyuta.

"Nimeliona kwenye karatasi kwa macho yangu."

"Tuigeuze basi, kichwa chini. Doa likibaki palepale, ni skana. Likigeuka pamoja na picha, ni karatasi."

Akaigeuza. Taa ya skana ikapita polepole chini ya kifuniko. Kwenye kompyuta mawe yakaonekana yananing'inia, na ziwa likawa juu mahali pa mbingu. Lakini doa halikubaki palepale, wala halikugeuka. Lilikuwa katikati ya picha sasa, na halikuwa doa tena. Alikuwa mwanamke amesimama wima, amewapa mgongo, nywele zimemfika kiunoni.

Yeremia alisogeza kiti karibu na kompyuta.

"Nywele nzuri," Yeremia alisema hatimaye.

Teodora alimtazama mumewe. Katika miaka kumi na minane ya ndoa, hakuwahi kumsikia akisifu nywele za mtu.

Tangu siku hiyo alianza kumchunguza. Yeremia, ambaye zamani alilalamika kukaa kwenye kiti cha skana, sasa alikaa mchana kutwa, mlango umefungwa kwa komeo. Alianza kunyoa kila asubuhi. Chakula alikigusa tu. Siku ya tatu Teodora alikuta unywele mrefu mweusi ukielea ndani ya beseni la kuoshea, na chumba kizima kilinuka tope la ziwa lililochanganywa na marashi. Siku ya nne alikuta nyayo za maji sakafuni, nyembamba, zikitoka kwenye beseni hadi kwenye kiti cha skana. Hakuna zilizorudi.

"Nani anaingia humu nikienda sokoni, Baba Sabina?"

"Hakuna."

"Na hizi nyayo?"

"Zako."

Teodora alivua kandambili, akaweka mguu wake juu ya unyayo mmoja. Ule wa sakafuni ulimzidi kwa vidole viwili. Yeremia hakutazama hata chini.

Kesho yake Teodora aliaga kwamba anakwenda Nyamagana kununua karatasi. Alifika kituoni, akasimama dakika kumi, akarudi kwa geti la nyuma. Moyoni alikuwa ameshajua atakachokikuta. Mwanamke. Jirani labda, au mteja. Alikuwa hata ameshapanga maneno ya kumwambia.

Ilikuwa saa sita, saa ile ambayo mtu hana kivuli, na karakana za jirani zilikuwa zimenyamaza kwa ajili ya chakula, kwa hiyo alisikia vizuri sauti ya mumewe ikinong'ona nyuma ya mlango, kisha ikinyamaza, kisha sauti nyingine, nyororo, ya mtu anayesema huku maji yakimdondoka, ikimjibu, na mumewe akicheka kicheko ambacho Teodora alikifahamu kwa sababu zamani, walipokuwa wachumba, kicheko kile kilikuwa chake. Akausukuma mlango kwa bega mpaka komeo likang'oka.

Yeremia alikuwa peke yake. Taa ya skana ilikuwa inapita, inarudi, inapita, bila karatasi yoyote juu yake. Kwenye kompyuta mwanamke wa mawe alikuwa amegeuka ubavu, na kando yake alikuwa amesimama mwanamume mwenye shati la mirabaraba kama lile alilovaa Yeremia wakati ule. Bega la kushoto la shati lile, lile la kweli, lilikuwa limelowa, kana kwamba kuna mtu alikuwa amelilazia kichwa chenye maji.

"Umemfukuza," Yeremia alisema bila kugeuka. "Alikuwa karibu kunionyesha uso."

Teodora hakungoja. Alipanda bodaboda hadi Buzuruga, akamkuta Mzee Maige kwenye baraza lake. Mzee alipomwona tu, akainamisha kichwa.

"Ameshaanza kugeuka?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Kwa hiyo ulijua, mzee."

"Nilijua." Mzee alisugua magoti yake. "Baba alikwenda kupiga picha ya mawe. Hakuona mtu. Alipoosha kioo, akamwona. Akampenda kuliko mama yetu. Siku aliyomwona uso, aliingia ziwani mchana kweupe, na suti yake, watu wanatazama. Mama alikificha kioo miaka yote. Mwaka huu mwanangu Paulo alikifungua, akaanza kunyoa kila asubuhi."

"Ukaona umlete kwangu."

"Niliambiwa akitolewa kwenye kioo kwa jua, atahamia nyumba ya aliyemtoa." Macho ya mzee yalikuwa yamejaa machozi. "Mwanangu, ningefanyaje? Paulo ni mmoja tu niliyebaki naye."

"Na mimi Yeremia ninao wangapi?"

Mzee alifuta macho, akamtajia mtu mmoja: Bibi Kashindye, mfumu, yaani mganga, wa upande wa Kisesa. Teodora alikuwa Mkristo wa kila Jumapili, na kwa siku nyingine angeona aibu. Siku hiyo hakuona. Bibi Kashindye alimsikiliza huku akimenya viazi, kisha akauliza swali ambalo Teodora hakulitarajia.

"Hiyo bluu yako inakufa kwa nini?"

"Kwa magadi, bibi. Ukiitia kwenye maji ya magadi inafifia yote."

"Basi dawa unayo wewe. Wewe ndiye uliyemtoa kwa mikono, mikono hiyohiyo itamfuta. Mimi nitamshika tu asikimbie. Mume wako ana jina la utotoni, lisiloitwa na watu?"

"Analo. Bibi yake alimwita Ndalahwa."

"Litunze. Utamwita kwa hilo. Majina mengine yote mumeo ameshamwambia yule mwanamke."

Kesho yake saa sita walikuwa uani. Teodora alikuwa amekoroga magadi kwenye beseni mpaka maji yakateleza kama sabuni. Bibi Kashindye alikaa chini, ametandaza ngozi ya mbuzi, akaanza kutikisa njuga na kuimba kwa Kisukuma, sauti ya chini isiyopanda wala kushuka. Teodora akaizamisha picha ya kwanza ya mawe. Bluu ikageuka zambarau, ikawa manjano, ikapotea. Ya pili ikapotea. Ndani ya nyumba maji yakaanza kusikika yakimiminika, ingawa mabeseni yote yalikuwa uani, na harufu ya tope na marashi ikatoka kwa wingi hadi Teodora akahisi ladha yake kwenye ulimi.

Alipoizamisha ile ya mwisho, mlango ukafunguka kwa kishindo na Yeremia akatoka, macho yamemtoka, akitembea kama mtu aliye ndani ya maji ya kifuani, na alipiga kelele, "Unamuumiza! Mama Sabina, unamuumiza!" na nyuma yake, kutoka chumba kile kitupu, kilio cha mwanamke kikapanda pamoja naye, na Teodora alitazama chini akaona mawe yanayeyuka, ziwa linayeyuka, lakini mwanamke bado hajafifia, anageuka, anageuka taratibu kuelekea kwa Yeremia aliyekuwa amebakiza hatua tatu kufika kwenye beseni.

"Sasa!" Bibi Kashindye alisema.

"Ndalahwa!" Teodora aliita. "Ndalahwa, njoo nyumbani!"

Yeremia alisimama. Alimtazama mkewe kama mtu aliyeamshwa garini asijue amefika wapi. Kisha akaanguka, akatapika maji mengi ya kijani yenye majani ya ziwani. Kwenye beseni ilibaki karatasi tupu.

Kioo cha saba walikitia kwenye maji ya moto mpaka ngozi ya picha ikabanduka, kikabaki kioo tu. Kila kilichokuwa kwenye kompyuta kilifutwa. Yeremia alilala siku mbili. Alipoamka aliomba ugali na sato, akala mpaka majirani waliokuja kumjulia hali wakacheka.

Wiki mbili zilipita, na nyumba ilinuka moshi wa mkaa na siki, kama zamani. Jioni moja walikuwa wamekaa uani wakila michembe ya viazi vikavu, Yeremia akaiweka yake kando.

"Kuna jambo sijakwambia," alisema.

"Lipi?"

"Kila siku alikuwa ananiuliza juu yako. Mimi nilidhani anakuonea wivu. Alitaka kujua lile jina ulilopewa na mama yako. Lile lisiloitwa na mtu."

Teodora alijikuta amenong'ona. "Ukamwambia?"

Yeremia alifunika uso kwa mikono. "Nilimwambia."

Asubuhi yake Yeremia alikwenda mjini na Teodora akabaki peke yake. Saa sita, karakana zikiwa zimenyamaza, alikuwa anaanika karatasi kwenye kamba aliposikia anaitwa kutoka upande wa geti. Sauti ilikuwa nyororo, ya mtu anayesema huku maji yakimdondoka.

"Kabula."

Alikiuma kidole ili mdomo usijibu. Akabaki amesimama vile, karatasi mkononi, jua utosini.

"Kabula, nifungulie."

Hakuitika. Mpaka leo, watu wa Igoma wanamwona ana kiburi, maana unaweza kumwita mara tatu, tena kwa jina lake la ubatizo, na asigeuke mpaka uje mbele yake, akutazame kwanza miguu kama imelowa.