Sinia Linalojibu

Jamani, anayetaka kucheka acheke mapema, maana mbele hakuchekeki.

Mimi ni fundi cherehani. Juu ya chumba changu aliishi fundi wa fremu za picha pamoja na mama yake, mjane tuliyemwita Bi Mkubwa. Ilikuwa nyumba yenye raha. Mama akiimba jikoni, mwana akipiga randa, nami huku chini nikifuata wimbo kwa mguu kwenye cherehani. Mara nyingi pindo lilinipinda, kisa kusikiliza.

Kisha mwaka mmoja vitu viwili vikaingia nyumba ile. Cha kwanza kilikuwa kiharusi, kikamlaza Bi Mkubwa, kikamfunga ulimi na mikono. Cha pili kilikuwa sinia la kale la Kichina, ambalo mteja mmoja alilichoka akamwachia fundi. Lilikuwa la mbao, limepakwa utomvu wa mti tabaka juu ya tabaka mpaka likawa jeusi na kung'aa. Juu yake ilichorwa nyumba ndogo kwa dhahabu, na mwanamke dirishani ameinua mkono.

Fundi akaingiwa na wazimu wa kulitafutia wenzake. Hakuna mnada uliompita. Akaleta masinia, visanduku, na viti vya kuwekea maua. Tukambandika jina la Bwana Sinia, naye akalipenda.

Alijifunza kuyatambua. "Dada, uso wa sinia unadanganya kama uso wa mchumba," aliniambia. "Ukitaka ukweli, pindua mgongo." Huko mgongoni alitafuta nyufa nyembamba kama nywele, alama ya aliyelitengeneza, mikwaruzo ya miaka. Kisha aliliwekea sikio na kugonga kwa kidole mara tatu. La kale lilitoa sauti nzito, ko. La bandia lililia ti. Mtaa mzima tukazoea ile ko, ko, ko ya kutwa.

Sasa, utomvu ule hupasuka hewa ikikauka. Chumba chenye unyevu kuliko vyote kilikuwa cha Bi Mkubwa, kisichopata jua. Basi masinia yakahamia humo. Mwana akafunga dirisha, akaweka mabeseni ya maji chini ya kitanda, na lile sinia la mwanamke wa dirishani akalitundika ukutani, karibu na mto wa mama.

Mama msaidizi aliyemhudumia mgonjwa alimwambia, "Baba, ukuta umeota ukungu na Bi Mkubwa anakohoa." Fundi akaongeza maji kwenye mabeseni. Siku ya pili msaidizi akasugua sinia moja kwa sabuni, akafukuzwa kabla halijakauka. Sikio la kufa halisikii dawa.

Tangu hapo mwana alimlisha mama mwenyewe, kijiko mkono wa kulia, tochi mkono wa kushoto, macho ukutani.

Mchana mmoja wa mvua nilipanda kumpelekea pazia alilotaka nimshonee. Nilimkuta sebuleni na sinia jipya. Akagonga, ko, ko, ko. Kutoka chumba cha ndani ikaja ko, ko, ko.

Nywele zilinisimama.

"Umesikia?" akanong'ona, macho yakimng'aa. "Hili ni pacha wa lile la ndani. Sinia la kweli hujibu, dada. Wiki ya tatu sasa."

"Kaka, hayo si ya kuchezea. Nani yuko humo?"

"Mama tu. Na mama hawezi hata kufukuza nzi."

Nilichungulia. Chumba kilikuwa na giza, na harufu ya nguo iliyosahauliwa majini. Bi Mkubwa amelala kimya, uso ukutani. Dhahabu ya sinia ilikuwa inatoa jasho, na yule mwanamke wa dirishani, Mungu anisamehe, nilimwona anapunga mkono. Nikashuka bila kuaga. Niliogopa sinia, sikumwogopea mgonjwa. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Siku zilizofuata nilipolisikia likigongwa juu ya kichwa changu, nilisoma dua na kukanyaga cherehani kwa nguvu zaidi. Majirani walisema tu, "Bwana Sinia yuko kazini."

Asubuhi moja akaingia kwangu kuomba vipande vya flana vya kufungia sinia. Nilipokuwa namkatia, juu ikalia ko, ko, ko.

Mkasi ukanisimama mkononi. "Kaka, wewe uko hapa. Sasa hilo sinia linamjibu nani?"

Akainua macho darini. Juu ikalia tena. Ko. Ko. Ya tatu haikuja.

Tulipanda ngazi tukikanyagana. Bi Mkubwa alikuwa anahema kwa shida, midomo imekauka, na mabeseni yale yamejaa maji chini yake. Mkono wa kushoto ulikuwa umeegemea sinia, kidole chenye pete kimekunjwa. Mkono ulikuwa umeamka zamani, na hakuna aliyejua. Kwenye ule weusi, chini ya dirisha la yule mwanamke, pete ilikuwa imechimba kishimo. Mtu aliyejua mikwaruzo yote ya miaka mia hakuwa ameona wa wiki hizi.

"Mama alikuwa akinigongea sahani hivi nikiwa mdogo," mwana alisema akiwa amepiga magoti. "Mara tatu. Maana yake njoo. Mimi nilidhani kugonga huku nimejifunza kwa masinia."

Kila alipogonga sebuleni, mama alidhani anaitwa, akaitika.

Hospitali walisema mapafu yameharibika. Walisema pia kwamba mkono ule, ungeonwa mapema, ungefanyishwa mazoezi. Bi Mkubwa aliishi siku nne.

Siku hizi dirisha la juu liko wazi, na masinia yanapasuka moja moja kwa jua. Bwana Sinia hayatazami. Ila kila siku namsikia akigonga lile la ukutani mara tatu, kisha kimya kirefu. Anasikiliza.

FUNZO

Ndugu zangu, kupenda vitu vizuri si dhambi. Dhambi ni kuvitunza kwa unyevu wa kifua cha mzazi wako. Mgonjwa asiyesema hajanyamaza. Mtazame mikono, mtazame macho, kila siku, kama vile unavyotazama mali yako. Nasi majirani tusijifiche nyuma ya mazoea, kwani mimi nilisikia kwa wiki nyingi nikaongeza kelele. Ukisikia panagongwa, usiulize ni sinia gani. Panda ngazi.