Liende Kama Alivyoliacha

Jiwe lenyewe halikuwa kubwa. Lilikuwa kama kichwa cha mtoto, nusu limezama mchangani katikati ya njia, na lori lolote lingelipita bila dereva kujua. Lakini lile gari la michezo lilikuwa limelala chini kiasi kwamba paka aliyeshiba asingepenya chini ya tumbo lake. Jiwe likagonga chini ya injini, bati likapasuka kwa mlio mmoja mkavu, na nyuma yao mchangani ukabaki mstari mweusi wa oili, mrefu, unaong'aa juani.

Spana akazima injini papo hapo. Alikuwa fundi wa magari ya mashindano, mtu mwenye maneno mengi kuliko vifaa, lakini sasa alikaa kimya akiutazama usukani. Kando yake aliketi mjane wa kaka yake, mikono mapajani, midomo ikicheza kwa sala. Mtaani walimwita Mshonaji. Kazi yake ilikuwa kushona viti vya magari, na hata viti viwili walivyokalia alikuwa amevishona mwenyewe, ngozi ya kahawia, uzi mara mbili.

"Shemeji," Spana akasema mwishowe, "safari imetuishia hapa."

"Usiseme imeisha. Sema imesimama."

Barabara ya lami waliiacha asubuhi. Daraja lilikuwa limechukuliwa na maji, na madereva wa malori waliwaelekeza wafuate alama za magurudumu kwa upande wa kushoto, watazunguka uwanda na kuikuta tena lami mbele. Alama zikagawanyika mara mbili. Wao wakafuata zile zilizoonekana laini zaidi, kwa kulihurumia gari, kumbe zilikuwa laini kwa sababu hapakuwa na mtu aliyezipita miezi mingi. Pande zote palikuwa na changarawe na mwanga mkali. Simu hazikushika mtandao.

Gari lile marehemu alilijenga kwa miaka tisa. Alilinunua likiwa bodi tupu ambamo kuku walikuwa wakitagia mayai. Injini aliikusanya kutoka magari matatu, na rangi aliipiga mwenyewe, nyekundu ya damu ya mzee. Kila jioni akitoka chini ya gari alikuwa akisema neno lile lile: siku likiwa tayari, atavuka uwanda hadi kwa mama yao, amkalishe kiti cha kushoto, aendeshe mpaka bibi kizee aombe apunguze mwendo. Mama naye alimjibu kwenye simu kwamba yeye hatasema punguza, atasema ongeza.

Siku haikufika. Kifua kilimshika msimu wa mvua, kikamchukua katika wiki tatu. Mama, ambaye miguu yake iliishiwa nguvu, hakuweza kusafiri kuja kuzika. Miezi minne baadaye ikaja habari kwamba naye yuko kitandani, hali chakula sawasawa, na kwamba ombi lake ni moja tu. Anataka kukaa ndani ya gari la mwanawe kabla hajafumba macho.

Basi wakaliandaa kwa wiki mbili, pale pale gereji, Spana akiwa kazini na Mshonaji kwenye cherehani yake kando ya ukuta. Spana aliandika orodha juu ya kifuniko cha katoni. Akabadilisha oili, mikanda, maji ya breki, mipira yote ya rejeta. Akapima upepo wa matairi mpaka akaridhika. Alipofika kwenye magurudumu akachuchumaa muda mrefu, kisha akamweleza shemeji yake kwamba gari hili limeshushwa kwa ajili ya lami ya mjini. Kwa safari ile linahitaji kuinuliwa upana wa kiganja, lifungwe bati zito chini ya injini, livalishwe matairi manene.

Mshonaji akasimamisha cherehani.

"Humo ndani mkono wake bado upo," akasema. "Usifungue gurudumu. Usiguse springi. Hata matope ya mwisho aliyolipitisha akilijaribu mtaani usiyaoshe. Liende kama alivyoliacha."

Spana alijua halitavuka hivyo. Fundi yeyote angejua. Lakini naye alikuwa na msiba wake, na ukweli ni kwamba hata yeye alikuwa akiogopa kufungua nati ambayo kaka yake ndiye aliyeikaza mwisho. Akaufuta ule mstari kwenye orodha. Buti lilikuwa dogo kama sanduku la mwanafunzi. Likaingia dumu la petroli, kopo la oili, boksi la vifaa, turubai la kufunikia gari na dumu la maji la lita kumi, basi. Gurudumu la akiba likabaki nyumbani limetundikwa kwenye msumari wake. Spana akatania kwamba kitabu cha sala cha shemeji ndicho kizito kuliko jeki. Akajibiwa kwamba kizito kuliko vyote ni ulimi wake, na huo hakuna wa kuushusha.

Sasa walikuwa uwandani, na ulimi ule ulikuwa umekauka.

Spana alikuwa na kipande cha sabuni ya mche, na alijua kwamba sabuni ikikandwa vizuri inaziba tundu la oili kwa saa kadhaa. Tatizo lilikuwa kufika kwenye tundu. Jeki haikuingia chini ya gari. Walichimba kwa mikono na kwa kifuniko cha boksi la vifaa, wakaisukuma jeki kwenye shimo, gari likainuka. Spana akaingia kwa ubavu, akaikanda sabuni, akaibandika. Alipokuwa akijivuta kutoka, jeki ikazama upande mmoja. Gari likashuka juu ya mguu wake wa kulia.

Hakupiga kelele. Alitoa pumzi tu, kama mtu aliyepigwa tumboni.

Mshonaji akalala kifudifudi mchangani. Akaivuta jeki kwa nguvu zake zote, akaweka lile bati la kifuniko chini yake lisizame, akaanza kupampu. Kila pampu alitaja jina la Mungu. Uso wake ulikuwa karibu na gurudumu la mbele, na bega lake likafuta matope makavu yaliyokuwa yameganda kwenye chuma cha springi. Chini ya matope pakatokea rangi nyeupe.

Palikuwa na mistari miwili imechorwa kwa brashi nyembamba. Wa chini, pale nati ya kupandisha na kushusha gari ilipokazwa, uliandikwa *mjini*. Wa juu, upana wa kiganja kutoka ule wa kwanza, uliandikwa *kwa Mama*.

Aliutambua mwandiko. Herufi ya mwisho ilikuwa na mkia, kama alivyokuwa akiandika daima.

Aliendelea kupampu mpaka mguu ukatoka. Akamburuta Spana kivulini mwa gari, ndipo akamwambia alichokiona. Spana akafumba macho.

"Kaka alishaliandaa," akasema. "Sisi ndio hatukuliandaa."

"Ni mimi. Wewe ulitaka kufungua."

"Ningetaka kweli, ningefungua."

Kiatu kilitoka na ngozi. Nyama ilikuwa imepasuka kutoka kidole gumba hadi kisiginoni, na vidole viwili vilining'inia vibaya. Mshonaji akatoa kwenye mkoba sindano yake ya ngozi na uzi. Akasema angekuwa na moto angeichoma sindano kwanza, lakini mwanamume mwenyewe aliacha sigara mbele ya kaka yake aliyekuwa akikata roho, kwa kiapo, kwa hiyo moto haupo.

Spana akageuza uso pembeni. "Kiberiti kimo kwenye soksi ya kushoto," akasema.

Alicheka, yule mjane. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi, na kicheko kikamtoka kibaya, kama kikohozi. Kisha akashona. Mishono kumi na minne, midogo, ya kufuatana, huku Spana akiuma mkanda wa suruali.

Walimimina lita moja ya oili waliyokuwa nayo, ingawa injini ilihitaji tano. Mshonaji akashika usukani. Gari likaenda kilomita mbili, labda tatu, likirudi kule walikotoka, polepole, halafu injini ikagonga mara tatu kama mgeni anayebisha hodi, ikanyamaza. Hawakujaribu kuiwasha tena.

Siku ya pili maji yalikuwa nusu lita, mengine yakiwa yameishia kwenye kidonda na kiu ya siku ya kwanza. Kila mmoja alipata kifuniko kimoja cha dumu, asubuhi, adhuhuri na jioni, ila mgonjwa alipata viwili. Mshonaji alifunga turubai kutoka mlangoni hadi kwenye mawe, likawa kivuli. Bati la gari liliwaka hata usingeweza kuligusa. Midomo ilipasuka, kisha ulimi ukawa mgumu, kisha mate yakaisha kabisa na kumeza likawa jambo la kupanga. Mguu wa Spana ulivimba ukawa na rangi ya bilingani. Alasiri joto lilimpanda, akaanza kumwita kaka yake ampe spana namba kumi na saba. Mshonaji akamjibu, "Hii hapa," akamwekea jiwe kiganjani, naye akatulia.

Siku hiyo hiyo aliona vumbi. Lilikuwa mbali sana kusini, uzi mwembamba unaotambaa kwenye ukingo wa dunia: malori, kwenye njia waliyopaswa kuifuata. Aling'oa kioo cha pembeni akamulika nacho jua upande ule. Vumbi likapita. Akafungua gurudumu la nyuma, la kwanza maishani mwake kulifungua, akachoma tairi. Moshi ulipanda kidogo, upepo ukaulaza chini, ukasambaa mchangani bila faida. Vumbi la pili likapita.

Asubuhi ya tatu Spana hakuitika alipoamshwa. Alipumua, lakini kwa juu juu. Katika dumu la maji vilibaki vifuniko sita. Mshonaji akavihesabu mara mbili, akasali sala yake ya asubuhi yote bila kuikata, kisha akasimama mbele ya gari.

Alilitazama kama anavyotazamwa mtu anayeagwa. Alijua kila kipande. Alijua siku boneti ilipokuja, na siku marehemu alipokata kidole akifunga taa. Kirungu cha gia kilikuwa cha mbao. Mumewe alikichonga kutoka kwenye meza ya cherehani ya kwanza ya Mshonaji, ile iliyoliwa na mchwa, akasema mke wake lazima awe mkononi mwake kila akibadilisha gia. Mbao ilikuwa imelika upande mmoja, mahali pa dole gumba.

Akakifungua kile kirungu, akakitia mkobani pamoja na kitabu cha sala.

Kisha akamlaza Spana juu ya turubai, akashika ncha mbili na kuanza kuvuta kuelekea upepo unakotoka. Hatua kumi, anapumzika. Hatua kumi, anapumzika. Alihesabu mia mbili. Katikati ya njia mgonjwa akafumbua macho, akamuuliza anampeleka wapi na anafanya nini.

"Ninalichoma," akasema.

Spana alimtazama. "Ulisema mtu asiliguse."

"Nilikosea, shemeji. Nililitunza gari nikaisahau safari."

Akarudi peke yake. Akalowanisha viti kwa petroli iliyobaki kwenye dumu, viti vyake, uzi mara mbili, akafungua magurudumu matatu yaliyobaki, akayatandaza ndani na kuyapaka oili chafu iliyodondoka chini ya injini. Akavuta kitambaa kirefu chenye petroli hadi nyuma ya mawe. Njiti ya kwanza ilizimika. Ya pili ilishika. Alikimbia kadiri mwili ulivyomruhusu, akaanguka, akatambaa, na joto likampita mgongoni kama mlango wa tanuri uliofunguliwa.

Tangi likalia mara moja. Moshi ukapanda mweusi, mnene, mrefu, na safari hii upepo ulishindwa kuulaza. Rangi nyekundu ikafura, ikachunika. Alikaa karibu na Spana akitazama mpaka mwisho, maana alikaa na mumewe vivyo hivyo, na hakuona sababu ya kugeuza uso sasa. Machozi hayakuja. Mwili haukuwa na maji ya kuyatoa.

Jua lilikuwa utosini uzi wa vumbi ulipoacha mstari wake kusini na kuanza kuja kwao.

Lilikuwa lori la saruji. Dereva, mzee mwenye vumbi hadi kwenye kope, aliwanywesha maji kwa kitambaa kwanza, wasinywe kwa pupa. Alisema alidhani lori la mwenzake linaungua. Akalitazama lile fupa la chuma jeusi, akauliza lilikuwa gari gani. Mshonaji akamjibu kwamba lilikuwa zuri.

Spana alikatwa vidole viwili katika zahanati ya mji wa kwanza, na mganga alisifu mishono, akauliza ni daktari gani aliyeishona. Spana akabaki pale kitandani. Tangu siku hiyo anatembea akiinama upande mmoja, na hakuna gari linalotoka gereji yake kabla hajafungua magurudumu yote manne na kuosha kila kilichomo nyuma yake.

Mshonaji alikwenda mbele peke yake na lile lori, akafika siku ya tano. Mama mkwe alikuwa bado hai. Chumba kilikuwa kidogo, dirisha wazi, na bibi kizee chini ya shuka alikuwa mwepesi kiasi kwamba shuka lenyewe halikuinuka. Macho yalikuwa hayaoni tena. Alisikia hatua mlangoni, akageuza kichwa.

"Sikusikia injini," akasema.

Mjane akapiga magoti kando ya kitanda. Akampa shikamoo yake, akambusu mkono, akamweleza yote, kuanzia lile neno alilolisema kwenye cherehani mpaka moto. Hakujipunguzia chochote. Kisha akakitoa kirungu cha gia, akakiweka kwenye kiganja kile kilichokauka.

Bibi alikizungusha taratibu. Dole gumba lake likapapasa, likafika mahali palipolika, likaingia pale na kutulia.

"Aliandika jina lako, mama," Mshonaji akasema. "Kwa rangi nyeupe, ndani kabisa, nyuma ya gurudumu. Aliandika *kwa Mama*. Mimi ndiye niliyekataza lisifunguliwe, ndiyo maana hatukuona."

Nje mtu alikuwa akifua, maji yakimwagika.

"Siku ya kwanza, kwenye lami," bibi akauliza, "lilikimbia?"

"Lilikimbia, mama. Miti ilikuwa haihesabiki."

Bibi akakikumbatia kirungu kifuani kwa mikono miwili, akafumba yale macho yasiyoona.

"Basi keti hapa," akasema. "Niambie tena, kutoka mlango wa gereji. Na usipunguze."