Shangazi Demetria na Kivinjari cha Kijani

Kila siku alipotoka shuleni, Auleria alipita nyumbani, alikoishi na shangazi yake, akavua sare, akala chakula alichoachiwa kwenye hotipoti, kisha akavuka barabara kwenda steshenari ya shangazi huyo. Steshenari hiyo ilikuwa Tabata, katikati ya saluni ya kiume na duka la balbu na nyaya. Ilikuwa chumba kimoja tu chenye mashine ya kutoa kopi, printa iliyopenda kukwamisha karatasi siku za joto, na kompyuta moja. Auleria, aliyekuwa darasa la saba, alipanga karatasi, alibana ripoti za wanafunzi na kukata picha za pasipoti. Kompyuta ilikuwa ya Shangazi Demetria peke yake. Kabla hajaiwasha, shangazi alifanya ishara ya msalaba.

"Kazi za watu ni amana," alikuwa akisema.

Kwenye kompyuta hiyo vilikuwapo vivinjari viwili, yaani programu mbili za kufungulia mtandao. Cha zamani kilikuwa na alama ya bluu. Kipya, chenye alama ya kijani, kiliwekwa na fundi Wilbert miezi mitatu iliyopita. Shangazi alikitumia kile cha kijani kusoma masomo ya misa na kuangalia kama mvua itanyesha. Lakini mteja alipokuja na kazi yenye uzito, kama ombi la cheti cha kuzaliwa au la kujiunga na chuo, mkono wake ulirudi kwenye cha bluu kama ng'ombe ajuaye zizi lake.

"Shangazi," Auleria alimtania siku moja, "wewe umehamia nyumba mpya lakini kitanda umekiacha kule kule."

"Usiache mbachao kwa msala upitao," shangazi alijibu, macho kwenye kioo cha kompyuta.

"Mwalimu wetu wa TEHAMA anasema kivinjari kilichochakaa ni kama mlango usio na komeo. Wezi wa mtandaoni wanaingia tu."

"Mwalimu wako hajawahi kukaa hapa foleni ikiwa mpaka barabarani. Hicho cha kijani mie hakinijui. Hiki kinanijua."

Auleria alicheka. Hakuuliza maana ya maneno hayo. Angeuliza, hadithi hii ingekuwa fupi sana.

Tena hayo hayakuwa ya kompyuta tu. Shangazi Demetria alihama Mwenge miaka miwili iliyopita, lakini kila Jumamosi alfajiri alirudi huko huko kusali na jumuiya yake ya kanisa. Jumuiya ya Tabata ilisali nyumba ya tatu kutoka kwake, na alizisikia nyimbo zao akiwa anafunga kamba za viatu ili aondoke.

Jumanne moja aliingia Monica, dada wa miaka ishirini aliyeishi na bibi yake mtaa wa nyuma.

"Shikamoo, Mama Steshenari."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja tumalizie?"

Monica alikuwa akiomba nafasi ya kusomea uuguzi. Alikuwa ameurudia mtihani wa kemia mara mbili ndipo akafaulu, na mwaka uliotangulia alichelewa kutuma maombi kwa siku moja tu. Safari hii fomu ilikuwa imejazwa karibu yote. Vyeti vyake vilikuwa vimeshaingizwa kwenye kompyuta, ilibaki kuviambatisha na kutuma. Dirisha la maombi lilikuwa linafungwa Ijumaa saa kumi jioni.

Shangazi akafungua kivinjari cha bluu. Badala ya fomu, yakatokea maandishi kwamba kivinjari hicho kimepitwa na wakati na ukurasa hauwezi kufunguka. Akajaribu mara ya pili na ya tatu.

"Jaribu cha kijani, Shangazi," Auleria akanong'ona.

Shangazi akajaribu. Ukurasa ukafunguka mara moja, ukaomba neno la siri. Shangazi akaukodolea macho kidogo, kisha akaufunga haraka kama mtu aliyekosea mlango.

"Njoo keshokutwa," alimwambia Monica. "Huenda mtandao umelemewa."

Monica aliondoka polepole. Auleria akaona uchungu moyoni. Kwa nini mtu mzima ang'ang'anie kitu kibovu wakati kizima kiko mbele yake? Akaamua kwamba shangazi yake ni mbishi.

Jumatano shangazi alikwenda Mwenge msibani. "Wewe toa kopi tu," aliagiza. "Kompyuta usiiguse."

Saa kumi alasiri duka likawa kimya. Auleria akatazama kompyuta, kompyuta nayo ni kama ilimtazama. Alifikiri: kile cha bluu kikiondoka, shangazi hatakuwa na pa kurudi, na Monica atapata chuo. Nitakuwa nimewasaidia wote wawili. Akaketi, akakifuta kivinjari cha bluu. Kompyuta ikamwuliza kama afute pia kumbukumbu zake zote. Auleria, aliyezoea kufagia mpaka uvunguni, akabonyeza ndiyo.

Kisha akafungua kile cha kijani, akaenda kwenye ukurasa wa chuo. Ukaomba neno la siri la Monica. Akatafuta kwenye daftari la shangazi, hamna. Akatafuta chini ya kibao cha herufi, kwenye droo, nyuma ya kalenda ya parokia. Hamna. Hapo ndipo alipoelewa. Maneno ya siri ya wateja hayakuandikwa mahali popote. Wateja walimwachia shangazi ayatunge, naye hakukumbuka hata moja. Kivinjari cha bluu ndicho kilichomkumbushia, pamoja na kurasa zote alizoziwekea alama kwa miaka sita. Kwa kubonyeza mara moja, Auleria alikuwa amefuta kumbukumbu zote za duka.

Shangazi aliporudi, alivua viatu, akawasha kompyuta, akatulia.

"Auleria, alama ya bluu iko wapi?"

"Sijui, Shangazi." Sauti ilitoka kabla hajaipa ruhusa. "Labda Wilbert. Si alikuja jana jioni kuangalia printa?"

Shangazi alichukua simu akampigia Wilbert, ambaye alikuwa na kazi Msasani, akaahidi kufika kesho yake.

Usiku huo waliposali pamoja kama kawaida, Auleria alifika kwenye "utusamehe makosa yetu" akanyamaza, akaacha shangazi amalizie peke yake.

Alhamisi shuleni hakusikia somo hata moja. Alipofika steshenari alimkuta Wilbert amepiga magoti kando ya kompyuta, na Monica ameketi kwenye benchi, bahasha ya vyeti mapajani.

"Mama, mie nilifungua printa tu," Wilbert alikuwa akisema. "Kompyuta sikuigusa."

"Wilbert, mwanangu, nimekuamini miaka minne," shangazi alisema kwa upole, na upole huo ulikuwa mzito kuliko ukali. "Lakini hapa tulikuwa watatu. Mie sikufuta, na mtoto anasema hajui. Bora nitafute fundi mwingine."

Wilbert akaanza kukusanya bisibisi zake, moja moja. "Sawa, Mama. Ila kabla sijaondoka nikusaidie. Nadhani ni virusi. Nifute kompyuta yote nianze upya."

"Na vyeti vyangu vilivyomo humo?" Monica akauliza.

"Vitaondoka pia, dada. Tutaviingiza upya tukipata muda."

"Muda upi? Dirisha linafungwa kesho."

"Sioni njia nyingine, dada." Wilbert alinyoosha kidole kwenye kibao cha herufi. Auleria akahisi kama kidole kile kinakuja kubonyeza moyo wake.

"Usibonyeze, kaka Wilbert," alisema. "Ni mie."

Wote wakageuka. Aliyasema yote akitazama sakafu: alivyofuta, alivyobonyeza ndiyo, alivyolitaja jina la Wilbert ili lake lisitajwe. Huko saluni mashine ya kunyolea ilisikika ikinguruma, ikanyamaza.

"Kwa hiyo," shangazi alisema hatimaye, "tumepoteza siku nzima tukimtafuta mtu aliyekuwa anakula mezani kwangu."

"Nisamehe, Shangazi. Kaka Wilbert, nisamehe."

Wilbert akarudisha bisibisi moja mezani. "Mdogo wangu, umeniumiza. Lakini umesema kabla sijaharibu zaidi. Mama, kama ni kivinjari tu kimefutwa, kompyuta ni nzima na vyeti vimo. Kinachokosekana ni neno la siri, na hilo linaombwa upya. Watatuma tarakimu kwenye simu iliyoandikishwa. Tunakuwa na dakika kumi za kuzitumia."

Monica akashika kichwa. "Namba niliyoandikisha anayo kaka yangu Gozbert. Nilimwachia laini pamoja na simu."

"Yuko wapi?"

"Mwenge, anachonga vinyago."

Walimpigia mara mbili bila majibu. Mara ya tatu akapokea, na sauti ya nyundo na patasi ikajaa chumbani.

"Gozi, angalia meseji zako," Monica alisema.

"Zipi? Kuna mtu hapa ananiambia nimeshinda gari."

"Achana na gari lako. Angalia yenye tarakimu sita, inaingia sasa hivi."

"Subiri nijifute mikono. Hapa nina tembo ana mguu mmoja, nikimwachia ataanguka."

"Gozi, tembo hasomei uuguzi."

Hata shangazi alitabasamu. Gozbert akasoma tarakimu, Wilbert akaziandika. Zikakataliwa. Monica akafumba macho. Auleria, aliyekuwa amesimama pembeni kama nguzo, akasogea.

"Kaka Wilbert, si ulibonyeza mara mbili? Labda zimekuja meseji mbili, naye amesoma ile ya kwanza."

"Gozi, iko nyingine chini yake?"

"Ipo. Mbona hamkusema?" Akasoma tena, polepole, kama mtu anayehesabu mayai. Safari hii ukurasa ukafunguka.

Shangazi alisimama akakivuta kiti. "Monica, kaa hapa. Neno jipya la siri liandike mwenyewe, kisha ulitunze mwenyewe. Mie nageuka nyuma."

Vyeti vikaambatishwa kimoja baada ya kingine. Ilipofika saa kumi na mbili kasoro, maandishi yakatokea kwamba maombi yamepokelewa. Printa, kwa rehema za Mungu, haikukwamisha karatasi. Monica alilishika lile jibu likiwa bado na joto, akaliweka kifuani juu ya bahasha.

Alipoondoka, shangazi alimwuliza Wilbert, "Hivi ulipokiweka hiki cha kijani, vitu vya kile cha bluu vingeweza kuhamia huku?"

"Vyote, Mama. Kurasa zenye alama na maneno ya siri. Kuna kitufe chake, dakika mbili tu. Nilidhani hukitaki kipya, ndiyo maana sikukusumbua."

"Na mie nilidhani nikikuuliza utaniona mshamba." Shangazi akatikisa kichwa. "Njoo kama kawaida, mwanangu. Na unisamehe, nilikuhukumu kabla sijakusikiliza."

Wilbert akaitikia, akabeba mkoba wake. Kisha shangazi akamwita Auleria aketi karibu naye.

"Uliniona mbishi, sivyo?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Niliogopa. Mtu haogopi nyumba mpya, Auleria. Anaogopa vyombo vyake vitakavyopotea njiani. Nilipokwambia kile kinanijua, ungeniuliza kinajua nini, tungevihamisha pamoja. Nami nilikosa. Niliachia mashine amana ya watu, nikaona aibu kuuliza. Lakini sikiliza. Kufuta ni kosa la mtoto anayetaka kusaidia, na hilo nimelisamehe jana kabla sijalijua. Uongo ni jambo jingine. Kosa lilikuwa la dakika moja. Uongo ulitugharimu siku nzima, na ulikuwa karibu kumnyang'anya Wilbert mkate wake na Monica chuo chake. Ukikosea, sema palepale, kosa likiwa bado dogo."

"Nimeelewa, Shangazi."

"Basi kila mteja akija, wewe ndiye utakayemweleza kwa nini anaandika neno jipya la siri."

Hiyo ndiyo ilikuwa adhabu, na haikuwa nyepesi. Kwa wiki tatu Auleria aliwaeleza wateja alichokifanya. Wengine walimkaripia, wengine walicheka. Mzee Mfaume wa duka la balbu alimwita "Bibi Futa" mpaka akazoea. Lakini wote waliondoka wakiwa na maneno yao ya siri vichwani mwao wenyewe, na hakuna aliyehitaji tena kivinjari cha bluu.

Ijumaa moja shangazi alirudi kutoka Mwenge na bahasha ndogo. Ndani yake ilikuwamo barua ya utambulisho kutoka kwa mwenyekiti wa jumuiya yake ya zamani: jina lake, tangu lini anasali nao, sakramenti alizopokea, na siku ya kumbukumbu ya marehemu mama yake.

"Miaka miwili sikuiomba," alisema. "Niliona huku hakuna atakayejua siku ya mama yangu. Kumbe ilitakiwa niibebe tu."

Kesho yake alfajiri hawakufunga kamba za viatu kwa safari. Walivaa kandambili, wakatembea mpaka nyumba ya tatu.

"Tumsifu Yesu Kristo," shangazi alisema mlangoni.

"Milele, amina," wakaitikia. Mwenyekiti, mama mmoja aitwaye Anjelina, alipokea barua akaisoma taratibu. Kisha akachukua daftari la jumuiya na kalamu.

"Kumbukumbu ya mama yako ni tarehe tisa mwezi ujao," alisema huku akiandika. "Siku hiyo tutasali nyumbani kwako."

Shangazi Demetria alisogea kwenye mkeka, akampa Auleria nafasi kando yake, na wimbo aliokuwa akiusikia kwa mbali miaka miwili ukaanza.