Ukuta wa Mahindi

"Madam, unanunua mahindi ama unayasalimia?"

Hayat aligeuka. Alikuwa amechutama sokoni Thika, katikati ya kelele za wauza nafaka, buibui lake jeusi limejaa vumbi hadi magotini na mkono umezama ndani ya gunia. Aliyesema alikuwa kijana mrefu wa ovaroli ya buluu, mwenye macho ya kucheka.

"Naangalia punje zinavyogusana," akajibu.

"Ehe! Kumbe mahindi yana majirani?"

"Tena wengi. Kila punje imeshikiliwa na zile zinazoigusa. Hizo zikiiacha, inaanguka. Kompyuta yangu chuoni inafuatilia ni gani imegusana na gani, gani zimeachana, gani zimekutana upya."

"Na hiyo ndiyo kazi wazazi wanakulipia fees?"

Hayat akacheka, na hapo ndipo shughuli ilipoanza. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Kijana aliitwa Zuhair, naye alifanya kazi kiwanda cha chakula cha mifugo hapo Thika, kwenye silo, yale maghala marefu ya mabati. Kabla mvua za masika hazijaisha, mama yake Hayat kule Kimbo alishajua kila simu inayomfanya bintiye atoke nje kuongea ni ya nani.

Siku moja Zuhair alimletea swali. Mahindi yaliingia silo yakiwa na unyevu. Ya katikati yalitoka, ya pembeni yakaganda yakasimama wima kama ukuta. Bosi wake, Kinuthia, alitaka watu waingie chini yake na miti wayabomoe.

"Babe, huo ukuta utasimama ama utatumaliza?"

Hayat aliujenga ukuta ule ndani ya kompyuta, punje kwa punje. Programu yake ilichukua picha moja kila sekunde na kulinganisha: nani bado amegusana na nani? Ikajibu kwamba karibu hakuna aliyemwacha mwenzake. Ukuta umetulia.

"Utasimama," akamwambia.

Zuhair alienda kwa Kinuthia kifua mbele. Kinuthia akapanga kazi iwe Jumamosi, na akamwahidi cheo cha usimamizi. Wazee wa Zuhair nao wakapanga kupeleka posa Kimbo Jumapili. Hayat alinunua mtandio wa kijani wa siku hiyo, akaujaribu mbele ya kioo akijichekea mwenyewe.

Ijumaa alirudia hesabu, basi tu kwa mazoea, akachukua picha nyingi zaidi ndani ya kila sekunde. Jamani! Punje zilikuwa zikiachana na kukutana tena katikati ya picha zake za kwanza, na programu ilizihesabu kama hazijawahi kuachana. Ukuta ule haukuwa umetulia hata kidogo. Ulikuwa unatetemeka wote. Akashika simu.

"Zuhair, mpenzi, usiingie. Wala usiingize mtu. Nimekosea."

"Umekosea aje? Nimesimama mbele ya Kinuthia nikasema umepima!"

"Nilipima vibaya. Picha zilikuwa chache, sikuona—"

"Hayat." Sauti ilikuwa baridi. "Posa ni keshokutwa. Cheo nitapewa kesho. Ndiyo unakumbuka leo kwamba ulikosea? Si useme tu hunitaki."

"Wallahi si hivyo!"

Simu ilikatwa. Akapiga tena, imezimwa. Akaandika ujumbe, haukufika. Alilia hadi mama yake akaja kukaa naye kitandani bila kuuliza kitu.

Asubuhi alifika kwenye geti la kiwanda mtandio ukiwa shingoni. Mutheu, askari wa zamu, alimzuia.

"Dada, leo hakuna wageni. Kuna kazi silo."

"Wameingia?"

Kabla hajajibiwa, kishindo kikazuka nyuma ya majengo, kizito, kikafuatwa na vumbi la manjano lililopanda juu ya mapaa. Hayat alipita chini ya mkono wa Mutheu akakimbia. Alianguka, akainuka, akakimbia tena. Mdomoni hakuwa na dua nyingine ila moja: ya Rabi, mrudishe.

Wafanyakazi walikuwa wamesimama, Kinuthia katikati yao ameshika kofia yake mkononi. Zuhair alikuwa amekaa chini, mgongo umeegemea mlango mdogo wa silo uliofungwa kufuli, nywele zimejaa vumbi.

Hayat alipiga magoti akamshika uso kwa mikono miwili, mbele ya watu wote, haya imekwenda wapi sijui.

"Uko mzima? Sema!"

"Hakuna aliyeingia. Niliwaambia wafungue kwanza tundu la chini la kutolea mahindi, bila mtu ndani. Kinuthia akakataa, nikakalia mlango. Akampa mwenzetu Waweru cheo changu papo hapo. Lakini mlango sikuuacha, ikabidi Waweru alifungue tundu." Akameza mate. "Ukuta wote umeshuka, Hayat. Tungekuwa sita chini yake."

"Nilidhani nimekuua."

"Nilikukasirikia usiku kucha. Lakini nikiwa nimeshika funguo nikajiuliza, huyu msichana amepata nini kwa kunipigia? Angenyamaza, angebaki na jina lake zuri, na mimi ningeingia nikicheka."

Machozi yalimshuka Hayat yakachora mistari kwenye vumbi la mashavu.

"Wazee niliwaambia jana usiku, kwa hasira, wasije kesho," Zuhair akasema polepole. "Na sasa sina cheo tena. Nitamwambia baba yako nini?"

"Baba yangu ameuliza cheo lini?"

"Hajauliza."

"Basi washa simu yako uwaambie waje."

Zuhair alitoa simu mfukoni. Akaifuta vumbi kwa ovaroli, akasita kuiwasha. Hayat aliichukua, akamwashia.