Seva ya Nne

Alitumwa balbu, basi. Mke wa mjomba wake alimpigia simu saa kumi na moja jioni, sauti ya kawaida kabisa.

"Balbu ya sebuleni imeungua, mwanangu. Ukipita dukani niletee moja. Na uje uniangalie hii laptopu ya mjomba wako. Inajiwasha."

"Inajiwasha vipi, mama?"

"Njoo uione."

Tangu mazishi ya mjomba, miezi mitano, hakuwa amekanyaga nyumba ile. Visingizio havikumwishia: mara zamu, mara mafua, mara mvua. Ukweli alikuwa anaujua mwenyewe, na mimi nitakuambia, maana bila huo ukweli hii ni hadithi ya laptopu mbovu tu.

Kazini walimwita Chapuchapu. Jina hilo alipewa na mjomba wake, kwa upendo, kwa sababu hakuna kitu alichoweza kukifanya polepole. Yeye na mjomba walikuwa mafundi wa kompyuta kwenye kituo kinachopokea simu za wagonjwa na kutuma magari ya kuwabeba. Kila simu iliandikwa kwenye seva tatu, yaani kompyuta za kuhifadhi taarifa. Seva zenyewe hakuna aliyewahi kuziona kwa macho. Zilikuwa za kukodi, ziko mbali huko, kwenye wingu kama wanavyosema. Siku ya kwanza mjomba alimweleza, pipi ya mnanaa ikiwa shavuni:

"Hizi tatu zinaishi kwa kujuliana hali. Kila sekunde moja inaiuliza nyingine, upo? Nayo inajibu, nipo. Isipojibu mara tatu, inahesabiwa imekufa."

Mjomba mwenyewe alikuwa hivyohivyo. Hagusi kitu kabla hajamtumia mpwa wake ujumbe: Upo? Akijibiwa nipo, ndipo anaanza kazi.

Miezi minane iliyopita mjomba alifanyiwa operesheni ya macho. Kulikuwa na kazi ya kufunga milango ya zamani, yaani njia za mtandao ambazo hazitumiki tena na wezi wanaweza kupenya. Akaunti ya Chapuchapu haikuruhusiwa kufunga mlango wowote. Basi mjomba akampa neno lake la siri, jambo lililokatazwa kabisa pale ofisini. Lakini huyu si mtoto wa dada yake? "Usifunge usioujua," alimwambia. "Niulize kwanza."

Hakuuliza. Alikuwa na miadi mahali. Alifunga milango ishirini na tatu, akazima simu, huyoo. Mmoja kati ya hiyo ndio ulikuwa ule ambao seva zinapitia kujuliana hali. Ilikuwa saa kumi na mbili na dakika arobaini na moja, jua linazama. Kila seva ikadhani nyingine zimekufa, ikajifanya kiongozi. Simu zikaandikwa huku, madereva wakaangalia kule. Fundi cherehani mmoja aliyebanwa kifua alikaa kwenye ngazi za nyumba yake saa moja na nusu akisubiri gari. Halikuja, na pale kwenye ngazi ndipo alipofia.

Logi, lile daftari ambalo seva zinajiandikia kila linalofanyika, ilionyesha akaunti ya mjomba.

Kwenye kikao cha uchunguzi mjomba aliingia na bandeji jicho moja. "Si mimi," alisema.

"Logi inasema ni wewe," bosi akamjibu.

Mjomba hakumtaja mtu. Aligeuka tu upande aliokaa mpwa wake.

"Mwanangu, upo?"

Chapuchapu aliangalia viatu vyake.

"Upo?"

Mara ya tatu hakuuliza kwa mdomo. Alimwangalia tu, na jicho lile moja zima. Jamani, ardhi ingepasuka siku ile Chapuchapu angeshukuru. Haikupasuka. Mjomba alifukuzwa, akapungua, akafa. Na kile kiti chake unadhani alipewa nani?

Haya. Sasa unajua kwa nini alisimama mlangoni na balbu mkononi, hapigi hodi.

Mlango ulifunguliwa kabla hajagonga. "Umekonda," mke wa mjomba alisema. "Ingia. Niko jikoni." Hakumwuliza alikuwa wapi miezi yote ile, na hilo lilimchoma kuliko kufokewa.

Sebule ilikuwa na giza la jioni. Harufu ilimpokea kwanza.

Mnanaa.

Kisha sauti, ndogo, kutoka mezani. Vuuu... feni ya laptopu. Kioo kilikuwa kinawaka na mistari ilikuwa inapanda, mmoja baada ya mwingine.

upo?
upo?
upo?

Simu ikalia mfukoni, naye akaruka nusura balbu imponyoke. Alikuwa bosi.

"Uko wapi wewe? Seva hazisikiani! Kuna watu watano wanasubiri magari, madereva hawaoni anwani!"

Akatazama saa. Kumi na mbili na dakika arobaini na moja.

"Nashughulikia, bosi," alisema. Mashine yake ya kazi ilikuwa nyumbani, mwendo wa nusu saa. Pale palikuwa na hiyo moja tu, inayowaka. Akaketi kwenye kiti cha marehemu. Kilikuwa na joto.

Akaingia kwa akaunti yake mwenyewe. Akaita orodha ya seva.

Zilikuwa nne.

Akahesabu tena. Ya kwanza, haisikii. Ya pili, haisikii. Ya tatu, haisikii. Ya nne haikuwa na jina wala anwani, na ndiyo peke yake iliyokuwa inaongea. Ndiyo ilikuwa inauliza upo?

"Ni hii laptopu," alijinong'oneza. "Mjomba aliiunganisha zamani, akasahau. Ni hii tu." Inawezekana. Fundi yeyote angesema hivyo. Ila logi ilionyesha kwamba mlango uleule wa kujuliana hali ulikuwa umefungwa dakika hiyohiyo, na akaunti iliyoufunga ni ya mjomba, ambayo Chapuchapu mwenyewe aliifuta siku mjomba alipofukuzwa.

Akatoa amri ya kuufungua. Kwenye kioo kikatokea kile kisanduku ambacho ofisi ilikiweka baada ya kifo cha fundi cherehani: Nani aliufunga, na kwa nini?

Akaandika jina la mjomba. Mlango ukafunguka.

Ukafungwa.

Akaandika tena. Ukafunguka... ukafungwa. Hakuna aliyegusa kitu. Bosi alikuwa bado hewani, na nyuma yake mpokea simu mmoja alikuwa anasema, "Mama, endelea kumpepea mtoto, gari linakuja," kwa ile sauti ya mtu anayejua kwamba gari haliji.

Nyuma ya sikio lake kitu kikagonga meno. Tk. Pipi inayohamishwa kutoka shavu moja kwenda la pili.

Hakugeuka. Nani angegeuka? Machozi yakaja bila kuombwa, na kwa aibu ya miezi minane akaandika: Ni mimi. Nilitumia neno lake la siri. Sikuuliza. Nikanyamaza.

Mlango ukafunguka. Alihesabu hadi ishirini, haukufungwa.

"Zimerudi!" bosi alipiga kelele. "Magari yanatoka! Aisee, Mungu akubariki!" Akakata.

Kwenye kioo maswali yalikuwa yamekoma. Alama ndogo tu ilikuwa inawakawaka chini ya maneno yake. Na hapa naona haya kuendelea, kwa niaba yake. Alisoma alichoandika, akasikiliza nyumba, akaona kwamba hakuna mtu aliyekisoma. Basi akakifuta, herufi moja moja, akaandika mahali pake: hitilafu ya mtandao.

Feni ikanyamaza. Kioo kikazima.

"Umeiweza?" Mke wa mjomba alikuwa amesimama mlangoni.

"Nimeiweza, mama. Chaji imeisha tu. Chaja yake iko wapi?"

Mama yule akaenda kabatini, akatoa kitu kilichofungwa kwenye kitambaa, akakiweka mezani. Betri na chaja.

"Nilivitoa siku ya mazishi," alisema. "Igeuze uone."

Akaigeuza laptopu. Mahali pa betri palikuwa wazi, na vumbi lilikuwa limelala mle ndani.

"Kila jioni anauliza kama upo," mama alinong'ona. "Mimi ndiye namjibu. Namwambia, bado hajaja."

Chapuchapu akairudisha laptopu kama ilivyokuwa.

"Aliniambia yote kabla hajafa, mwanangu. Akaniapisha nisifungue mdomo. Alisema, yule atasema mwenyewe, mpe muda." Akachukua balbu, akaipangusa kwa upindo wa nguo. "Mazishini watu walisema mume wangu aliua mtu. Kesho utawaambia?"

"Nitawaambia, mama."

"Kesho?"

"Kesho."

Kesho ikafika, bosi akamsifu mbele ya ofisi nzima, wakampigia makofi. Angesemaje siku kama ile? Keshokutwa kulikuwa na kikao. Siku ya nne alifika hadi mlangoni kwa bosi, akaomba likizo ya wiki moja badala yake.

Siku ya tisa, jioni, alikuwa jikoni kwa mke wa mjomba, wanachambua maharage kwenye sinia moja. Tangu siku ile alikuwa anakwenda kila jioni, anafagia, anaosha vyombo, kila kitu isipokuwa kile kimoja. Mama hakuuliza tena.

Simu ikalia.

"Kwa nini umefanya hivi?" Bosi hakusalimia. Sauti yake ilikuwa ya chini, imetulia vibaya. "Mlango umefungwa dakika tano zilizopita. Kuna mtoto alikuwa anasubiri gari. Alikuwa. Unanielewa?"

"Bosi, mimi niko likizo, sijagusa mashine yoyote..."

"Kwa akaunti yako. Kwa neno lako la siri."

"Si mimi!"

"Logi inasema ni wewe."

Maneno yale aliyasikia yakitua mahali pake. Harufu ya mnanaa ilikuwa imeingia jikoni. Kule sebuleni, kwenye meza isiyo na chaja wala betri, kitu kilianza kuvuma. Vuuu...

"Mama," alisema, akimsogezea simu kwa mikono miwili. "Mwambie. Nimekuwa hapa na wewe tangu alasiri. Umeniona. Mwambie, mama."

Mke wa mjomba aliangalia sinia.

"Mama?"

Vidole vya mama viliokota kijiwe kimoja kwenye maharage, vikakiweka pembeni.

"Mama... upo?"